Waliokaa Chini ya Maji ya Kisiba

Zuhura alinipigia simu mwezi wa sita, majira ambayo baridi ya Tukuyu humfanya mtu ajishawishi kwanza kabla ya kuoga. Sikuitambua sauti yake. Akasema, "Atu, ni mimi, mpiga mbizi wako," nami nikavuta kigoda nikakaa, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuniambia maneno hayo. Alikuwa Mbeya kikazi. Alitaka kunijulisha kwamba Daktari amefariki, wamemzika kwao mwezi uliopita, na kwamba pale makaburini, watu wakisoma wasifu wake na kutaja kazi zake zote, hakuna aliyetaja Kisiba. "Nikakukumbuka wewe," akasema. "Nikasema Atu angekuwepo, tungetazamana." Akauliza kama anaweza kuja kunisalimu. Nikamwambia njoo, kitanda kipo. Nilipokata simu nilibaki na sufuria ya maziwa mkononi, uso umepata moto kama mtoto aliyefumaniwa, na hali nilikuwa peke yangu jikoni. Zaidi ya miaka thelathini imepita. Nimeolewa, nimefundisha shule hadi nimestaafu, nina wajukuu wanaonifundisha kutumia simu. Lakini mwaka ule ukitajwa, aibu hunishika upya kama vile jambo limetokea asubuhi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu ya chuo ambayo hayakuwa na haraka. Daktari, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja Tukuyu na gari lililojaa mitungi ya hewa na boti ya mpira iliyokunjwa, akitafuta mtu anayejua Kinyakyusa vizuri, anayeweza kupikia watu watano, na asiyewaogopa wazee. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba nyuma ya kichwa, na alipenda kueleza. Siku ya kwanza tu, tukiwa tunashusha mizigo, alinieleza kazi yake kama mtu anayesimulia habari za ndugu zake. Zamani sana, alisema, kabla ya mtu yeyote kuandika chochote, maji ya bahari yalikuwa chini kuliko sasa. Unguja haikuwa kisiwa, ilikuwa bara. Watu walitembea kwa miguu mahali ambapo leo pana samaki, wakawasha moto, wakazaa, wakazika. Kisha maji yakapanda, na nchi yote ile ikafunikwa. Yeye alikuwa ameitafuta nchi hiyo chini ya bahari kwa miaka mingi, lakini mawimbi na mchanga huko vimesaga kila kitu. Ndipo akawaza maziwa yetu, haya yaliyo ndani ya mashimo ya volkano, yasiyo na mawimbi wala mto unaoingia. Enzi za ukame mkubwa na Ziwa Kisiba nalo lilipungua. Vyombo vyake vilimwonyesha kwamba ndani ya shimo lile, chini ya maji, upande wa mashariki, pana sehemu tambarare, kama baraza ya nyumba. "Pale palikaa watu, Atupele," aliniambia. "Nitakuonyesha mafiga yao." Nilimwamini papo hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba chini ya kitu nilichokiona tangu utotoni kuna kitu kingine.

Tulipanga kwa Mama Ipyana, mjane, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyo ukingoni kabisa mwa shimo, migomba nyuma, ziwa mbele na chini. Sebule ikawa ghala la mitungi na nguo za kupigia mbizi, nazo zilitundikwa ukutani kama watu weusi waliochoka. Nyumba nzima ilinuka mpira, moshi wa kuni na ndizi zinazoiva. Mimi na Zuhura, mwanafunzi wa Daktari, mtoto wa Unguja, tulipewa chumba cha nyuma. Kilikuwa kisafi kupita vyumba vingine, chenye kitanda cha kamba na dirisha ambalo ilibidi tulifungue kwa nguvu, maana mbao zilikuwa zimeshikana. Ukutani palikuwa na alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta wote, mahali ambapo picha ilikaa muda mrefu kisha ikaondolewa. Tulilala pale miezi, na sikuwahi kuuliza.

Mama Ipyana hakuwa mzee. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono mikubwa, mcheshi, anayeongea Kiswahili cha kwetu kinachopanda na kushuka kama milima. Zuhura alimpenda tangu siku alipomuuliza habari za nazi. "Hapa nazi tunaiona sokoni kama mgeni," Mama Ipyana alimjibu, "lakini nitakupikia mbalaga, utaisahau." Zile ndizi za maharage, zilizopikwa kwenye chungu hadi zikalegea, zikamiminiwa maziwa mwishoni, Zuhura alizila asubuhi na jioni. Tulikaa wote jikoni, mvua ikipiga bati, Daktari akiwa na kigoda chake karibu na moto, nguo zetu zikikauka juu yetu. Yeye akisimulia habari za watu wa kale, mimi nikitafsiri pale ambapo Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu mno, na Mama Ipyana akimenya ndizi bila kuzitazama, akiuliza maswali. Walivaa nini? Walifuga? Walipokuwa wagonjwa walifanyaje? Daktari alikuwa na jibu kwa machache, na kwa mengine alisema hajui. Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa furaha kuliko wote wa ujana. Naiandika furaha hiyo kwa sababu ndiyo inayoniaibisha.

Siku moja jirani yake, Mama Lugano, aliingia jikoni kuomba moto. Walikuwa wakicheka jambo fulani kwa Kinyakyusa, na katikati ya kicheko Mama Lugano akamwita, "Mama Subilaga." Kicheko kikakatika. Mama Ipyana aliendelea kumenya ndizi, ila uso wake ulifungwa. Mama Lugano akachukua kijinga chake cha moto akatoka, nami nikamsindikiza hadi njiani, maana nilikuwa na udadisi wa umri wangu. Huko njiani akaniambia. Kabla ya Ipyana, ambaye wakati huo alifanya kazi kiwandani kwenye chai, palikuwa na mtoto wa kwanza, binti, Subilaga. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akija kubeba ndizi alimpenda, na watu waliwaona wamesimama pamoja sokoni Masoko. Wiki moja ya mvua kubwa, dereva akaondoka kwenda Zambia, na siku hizo hizo Subilaga akatoweka. Hakuaga, hakuacha neno. Ikajulikana amekwenda na lori. "Mama yake alichoma nguo zake zote hapo uani," Mama Lugano alisema. "Akasema hana binti. Baba yake alikufa mwaka uliofuata, wanasema ni kifua, lakini ilikuwa fedheha. Sisi wachumaji wa chai tuliwahi kumtungia wimbo. *Subilaga wa ziwani, lori limempakia.* Tuliuimba mpaka tukauchoka." Aliniomba nisilitaje jina hilo ndani ya nyumba ile. Sikulitaja. Nilijisikia mtu mzima kwa kuitunza siri ambayo kila mtu kijijini aliijua.

Wiki zilipita bila kupata kitu. Zuhura na mwenzake walizama kila asubuhi, wakatoa udongo kidogo kidogo kutoka kwenye ile baraza ya chini ya maji, na kila siku walirudi wakitetemeka, midomo imepauka, mikono mitupu. Daktari alianza kunyamaza wakati wa kula. Kisha siku moja, jua limetoka baada ya ukungu wa siku nyingi, Zuhura aliibuka mbali kidogo na boti akainua mkono, na hakuushusha. Alipofika ufukweni alitoa kipande cha mdomoni akasema, "Kichwa. Kuna kichwa cha mtu. Na mifupa mingine, chini ya udongo mzito, Daktari, chini kabisa."

Walivileta vipande vipande hadi mchana, kwa uangalifu wa watu wanaobeba mayai, maana udongo ulikuwa umevitawanya. Mimi niliketi ufukweni na beseni kubwa la Mama Ipyana, nikivipokea na kuvipanga juu ya majani ya mgomba. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mtu," alisema. "Chini ya udongo wote ule. Mtu wa kale kabisa." Tulipandisha beseni ile njia ya mteremko kama tunapandisha arusi. Mama Ipyana alitupokea mlangoni. Alipoelezwa, alifurahi kwa ajili yetu, furaha ya kweli ya mwenyeji ambaye wageni wake wamebarikiwa. Akaingia chumbani kwake, akatoka na khanga, akalifunika beseni. "Si vizuri alale wazi," alisema. Kisha akakamata jogoo wake mkubwa, yule mwekundu, akampa Zuhura amchinje ili naye aweze kula. "Mmefika mlikokuwa mnakwenda. Leo mle."

Tulikula mchana ule hadi jua likaelekea milimani. Jogoo, ndizi, wali wa mchele aliotumwa mtu kuununua, soda. Majirani walikuja kuchungulia na wao wakapewa. Daktari alisimama akatoa hotuba, nami nikasimama kando yake nikiitafsiri kwa ajili ya wazee waliokuja. Alisema kwamba aliyemo ndani ya beseni ni bibi yetu sote, kwamba alitembea juu ya ardhi hii kabla ya kabila lolote kuwa na jina. Mama Ipyana akauliza kama ni mwanamume au mwanamke. Daktari akasema, kwa kadiri anavyoona, mwanamke, tena kijana, meno yake bado mazima. Mama Ipyana akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Walimtafuta?" Daktari akacheka, kwa upole, akasema, "Mama, amekaa huko maelfu ya miaka." Nami nikageuka kwa wazee, nikalirudia swali na jibu kwa Kinyakyusa, tena nikalitia chumvi kidogo ili lichekeshe zaidi, na watu wakacheka, na Mama Ipyana akacheka nao, akifuta mikono kwenye nguo yake, na akanipa paja la kuku kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

Kesho yake walishuka kutafuta sehemu zilizosalia. Zuhura aliibuka na kitu akanirushia karibu na miguu, akidhani ni takataka iliyotupwa na watu. Ilikuwa sandaki, kiatu cha plastiki cha rangi ya bluu, vile ambavyo tulivivaa wengi wetu miaka ya nyuma. Nilikiokota nikiwa na nia ya kukitupa kando. Kilikuwa kimejaa tope, na nilipokikung'uta vikatoka vifupa vidogo vidogo vya vidole. Baadaye lilitoka debe la kuchotea maji, limepondeka, na mti wa kushikia bado umo. Daktari alikitazama kile kiatu kwa muda, akaliangalia genge lililo juu yetu, mahali ambapo njia ya zamani ya wachota maji ilikatika na kuacha kovu la udongo mwekundu lililoota majani. Nilimwona akielewa. Udongo ule mzito aliouita wa enzi na enzi ulikuwa umeporomoka siku moja tu ya mvua, ukaenda na njia na mtu aliyekuwa juu yake, ukamfunika pale chini pamoja na watu wa kale wa Daktari. "Uliza kijijini," aliniambia, sauti yake ndogo, "kama kuna mtu aliyewahi kuzama hapa." Nikamwambia hakuna haja ya kuuliza. Nikamtajia jina ambalo nilikuwa nimekatazwa kulitaja.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo, hakuna anayejua nani aseme nini na wapi, Mama Ipyana aliposhuka na chakula chetu cha mchana kichwani. Alishuka akiimba. Alikiona kiatu kabla hatujawaza kukificha. Aliitua sufuria taratibu juu ya jiwe, akaja, akakichukua mkononi mwangu, akakigeuza. Kisigino kilikuwa kimewahi kukatika na kuungwa kwa kisu cha moto. Alama ya kuungua ilikuwepo. Akaipitishia kidole gumba. "Hiki nilikinunua mimi, Tukuyu," alisema. Kisha akauliza, "Kingine kiko wapi?" Akanigeukia na kuniuliza kwa Kinyakyusa, "Yule wa kwenye beseni?" Daktari akaniuliza anasema nini. Hapo ndipo kazi yangu niliyoipenda ilipoishia. Nilifungua mdomo na maneno hayakuja katika lugha yoyote kati ya nilizozijua. Nikaitikia kwa kichwa tu, kwa wote wawili. Mama Ipyana hakulia. Alikaa chini pale pale, akakivua kiatu chake mwenyewe, akakiweka kando ya kile kingine, kama mtu anayelinganisha ukubwa.

Polisi walikuja, na mganga wa hospitali ya mjini naye akaja, wakaandika walichoandika, wakaturuhusu kuzika. Tukamzika katika migomba, karibu na baba yake. Nimehudhuria misiba mingi maishani, lakini sijaona mwingine ambao watu waliinamisha vichwa kama ule. Kwetu msibani watu hulia kwa sauti. Pale palikuwa kimya. Wachumaji wa chai waliotunga wimbo walikuja na majani ya kulalia, na kuni, na ndizi mabegani, wakaviweka uani bila kumtazama mwenye msiba. Walilala sakafuni kwa Mama Ipyana siku zote za tanga, na kila mtu alikuwa na kazi ya kufanya kwa mikono, kumenya, kufagia, kuchota, ili asilazimike kukaa. Siku ya mwisho Mama Lugano alipiga magoti mbele yake akasema yeye ndiye wa kwanza kusema habari za lori, na anaomba radhi. Nilikuwa napanga vikombe nyuma yao. Mama Ipyana alimshika mkono akamwinua. "Mlisema nyinyi," alisema, "lakini mimi ndiye mama yake. Mtu akija kukwambia mwanao ni mwizi, unasema kwanza ngoja nimwulize mwanangu. Mimi sikumwuliza. Nilikuwa na mlango wa kutokea nikamtafute, nikaenda kuzichoma moto nguo zake. Alikuwa hapa chini, Mama Lugano. Nikifua nguo ziwani nilikuwa juu yake." Alisema hayo bila kuinua sauti, na Mama Lugano akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya banda la ng'ombe kwa muda mrefu.

Nimeifikiria sana aibu yetu sisi wageni, mimi na Zuhura na Daktari, maana haikuwa na kosa ndani yake. Hakuna tuliyemdhuru. Pengine bila sisi yule binti angelala na jina baya hadi mwisho wa dunia. Majirani waliniambia hivyo, mume wangu aliniambia hivyo baadaye, na mchungaji pia. Lakini kosa lina mlango: unaungama, unalipa, unatoka. Aibu isiyo na kosa haina pa kutokea. Nilikuwa nimekula paja la kuku la mama aliyepika karamu ya mifupa ya mwanawe. Nilikuwa nimelichekesha swali lake. Walimtafuta? Kila nikikumbuka jinsi nilivyoirefusha sauti ili wazee wacheke, hukunja vidole vya miguu ndani ya viatu, hata nikiwa kanisani.

Kuna siku moja zaidi ya mwaka ule. Siku ile ile lilipopatikana debe, mpiga mbizi mwingine alikuwa ameona kitu chini zaidi, chini ya tope lililomfunika Subilaga: mawe matatu yameshikana mduara, na majivu kati yake. Mafiga, yale ambayo Daktari aliniahidi. Daktari hakumwambia mtu hadi baada ya mazishi. Alikuja jikoni kumuaga Mama Ipyana, akamweleza kwamba wanafunga kazi, hawatagusa tena ziwa lile. Alieleza na habari ya mafiga, nadhani kwa sababu hakutaka kumficha kitu tena. Mama Ipyana alikuwa amekaa karibu na moto, nywele zimenyolewa. "Hao waliokuwa wakipika pale," akauliza, "maji yalipokuja, walikufa?" Daktari akamwambia hapana, maji ya namna ile hupanda polepole, miaka na miaka, watu walihama, wakaja juu, labda hapa hapa ilipo nyumba. Mama Ipyana alisukuma kijinga ndani ya moto. "Basi walikuwa wanaitana," akasema. "Mmoja aliona maji akawaita wenzake. Endelea na kazi yako, Daktari. Mtu akikaa chini ya maji bila kutafutwa, walio juu wanamsema wanavyotaka." Daktari aliangalia chini. Alisema, "Sina uso wa kuendelea, mama." Kesho yake tulipakia mitungi. Hakurudi, na hakuandika neno kuhusu Kisiba, ndiyo maana hapakuwa na wa kulitaja kaburini kwake.

Zuhura alifika kwangu siku ya Ijumaa, amevaa sweta mbili, nywele zimekuwa nyeupe chini ya ushungi. Sasa ni yeye anayefundisha vijana kuzama. Tulikula, tukaongea habari za watoto, tukaizunguka ile habari hadi chai ya pili. Ndipo akaniuliza kama Mama Ipyana yu hai. Nilijua yu hai. Watu wa Kisiba huja mjini na huleta habari. Lakini ilibidi nimwambie kwamba tangu tulipopakia mitungi sijawahi kukanyaga kwake. Nimekwenda Masoko kwenye misiba na arusi, nimeona bango la njia ya kwenda ziwani, na kila mara nimepata sababu ya kurudi nyumbani mapema. Zuhura hakunishangaa. "Mimi nimekaa Unguja," alisema, "nikisingizia umbali."

Tulikwenda Jumamosi na gari la mwanangu. Ipyana, mzee mwenyewe sasa, alitupokea, akatuonyesha mahali mama yake alipokaa, nyuma ya nyumba, kwenye jua, amejifunika blanketi. Amekuwa mdogo. Kiswahili kimemtoka karibu chote, uzee umemrudisha kwenye lugha ya kwao. Nilipiga magoti nikamsalimu kama mama yangu, "Ugonile, juuba," nikamwambia mimi ni Atu, na huyu ni Zuhura, wale wa ziwani. Nilijiandaa kwa lolote, hata kwa kufukuzwa, na nadhani nilikuwa nikilitamani. Alitushika mikono, mmoja huku mmoja huku, akasema kwa Kinyakyusa, "Ninyi ndio mlionirudishia mtoto. Ndaga fijo, asanteni sana. Mbona mlichelewa kuja kula?" Sikuweza kumtazama. Lawama ningejua pa kuiweka. Ilinibidi nimtafsirie Zuhura, na nilitafsiri nikiwa nimetazama ardhi.

Kisha akasema kuna jambo amekuwa akitaka kuliuliza, na hakuna wa kumwuliza, maana aliyeliona ni mmoja tu. Alimgeukia Zuhura, akauliza moja kwa moja, kana kwamba hapana haja ya mkalimani: "Ulipomkuta kule chini, alikuwa amelalaje?"

Nilimpa Zuhura swali hilo kwa Kiswahili. Nilikuwa nikikumbuka majani ya mgomba ufukweni, na vipande vikija kimoja kimoja, mguu kwanza, mbavu baadaye, na Zuhura mwenyewe akisema udongo umemtawanya. Zuhura naye alikuwa akikumbuka. Alisogea, akalishika vizuri lile blanketi lililokuwa likiteleza begani mwa mzee, akalirudisha mahali pake.

"Mwambie alikuwa amelala ubavu," aliniambia. "Ametulia. Mkono mmoja chini ya shavu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi."

Nikatafsiri neno kwa neno. Sikuongeza kitu wala sikupunguza, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule nilisema uso wake ukiwa mbele yangu, nikiutazama.

Mama Ipyana alisikiliza hadi mwisho. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari anazozifahamu.

"Ndivyo alivyokuwa analala," alisema. Kisha akamwita Ipyana alete vigoda, wageni wasipige magoti kwenye umande.